Baharia wa Nne

Bahari yetu ni birika la saruji, huku Malta,
kina chake chafika kifuani mwa mtu wa kimo.
Tufani inatoka kwenye feni nne zilizofungwa juu ya malori,
na mawimbi ni kazi ya Salvu, ambaye huyazima saa sita kamili
twende tukale makaroni.

Bahari ya kweli iko hapo hapo, nyuma ya ukuta.
Haikuajiriwa.

Mimi Gethin Alleyne, mtoto wa Butetown, Cardiff.
Kwenye karatasi ya leo nimeandikwa: Baharia wa Nne.
Wa tatu ana jina. Wa pili ana jina na kovu.
Wa kwanza ana jina, kovu, na mchumba anayelia gatini.
Mimi nina kamba.
Napandisha foromali tangu Jumatatu, viganja vimetoka malengelenge,
na hayo hayakupakwa na mpambaji.

Baba wa babu yangu alitoka Barbados,
akachochea makaa kwenye meli za Cardiff miaka thelathini.
Kitabu chake cha ubaharia tunacho, ndani ya kopo la biskuti.
Mwenendo: mzuri sana. Mwenendo: mzuri sana.
Mihuri kumi na tisa, na hakuna hata mmoja unaosema
alikuwa akicheka vipi.

Wiki ya kwanza, mezani, bwana mmoja mwenye kalamu ya fedha aliuliza,
kwa upole, kama anayeuliza chumvi iko wapi:
"Enzi zile, manowarini, walikuwapo kweli watu kama… hawa?
Isije ikaonekana tumewapachika."
Tukatazama sahani zetu.
Nikahesabu kokwa za zeituni. Saba.

Bi Ottoline, mtafiti, hakubishana.
Alifungua jalada, akasoma orodha ya mabaharia wa merikebu moja
kama mtu anayesoma bei za samaki:
Tomaso, Genoa. Lars, Gotland.
Bahadur, Bengal, mshona matanga.
Juan, Manila, hajui umri wake.
Pero, Antigua, mpiga ngoma.
George Jumatano, Pwani ya Dhahabu, mpanda mlingoti, miaka ishirini na miwili.

Jumatano!
Karani aliitafsiri siku, akamwacha mtu.
Huko kwao mwana aliyezaliwa siku hiyo huitwa Kwaku,
na mama yake alimwita hivyo, nina hakika
kama nilivyo na hakika ya njaa yangu.

Basi wakatusadiki. Wakatusogeza mbele.
Nikapigwa picha ya tangazo, taa ikinipaka shavu;
na kwenye tangazo uso wangu
ni mkubwa kuliko sehemu yangu yote.
Nikaomba jina. "Tutaangalia," wakasema.
Nikapewa sentensi: Ndiyo, bwana.
Nimeifanyia mazoezi bafuni. Ina namna nyingi za kusemwa,
na moja tu kati yake ni kukubali.

Vitorin wa mavazi alinisikia nikinung'unika.
Hakusema neno. Alinivua koti, akavaa miwani,
na ndani ya kola, kamera isikofika,
akadarizi kwa uzi mwekundu herufi tano.
Akakata uzi kwa meno.

Ijumaa tukapanga safu sitahani, majina yakaitwa.
Luteni alisoma, watu wakaitika, yeye akafunga daftari.
"Ndiyo, bwana," nikasema,
ingawa hakuna aliyeniita.
Kimya. Feni zikavuma bila kazi. Salvu akasahau mawimbi.
Mwelekezaji akajikuna kidevu:
"Tena. Bila huyo."

Sijui kipi wamekata, kipi wamebakiza; sijatazama.
Najua koti limerudi ghalani London,
linangoja vita vingine, na baharia mwingine wa nne.
Atalivaa asubuhi ya baridi, chai mkononi,
na kitu kitamkuna shingoni.
Atageuza kola.